Korido ya Sentimita Arobaini

Nyumbani kwa Sindano, mtu akitaka kwenda chooni ilimbidi kwanza apite korongoni.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Korido ile ilikuwa korido kama nyingine, imetoka sebuleni ikaishia mlangoni mwa choo, na kazi yake kubwa ilikuwa kuhifadhi ndoo, ufagio na viatu vilivyopotelewa na wenzao. Ndipo Sindano, wiki sita zilizopita, alipochukua turubai zito lililobaki kwenye oda ya mahema, akalitia pindo juu na chini, akapitisha kamba ndani ya pindo, akalivuta kutoka mwanzo wa korido hadi mwisho likakaza ndi. Upande mmoja ukabaki ukuta wa kweli, upande wa pili turubai, na katikati ikabaki njia. Kila baada ya siku chache Sindano alihamishia kamba zake kwenye misumari mingine, na njia ikazidi kubana.

"Mimi nimeolewa, nimezaa, nimezika," alisema mama mkwe wake, ambaye alikuja kwa wiki mbili kutibiwa macho na sasa alikuwa anaingia mwezi wa tatu. "Lakini kwenda msalani kwa ubavu, hilo sijawahi kuliona."

"Utazoea, mama."

"Nitazoea lini, mwanangu? Kila nikizoea unapunguza."

Watu wa mtaani walimwita Sindano, na wageni walidhani ni kwa sababu ya cherehani. Waliomjua walijua ni kwa sababu ya ulimi. Mwili wake haukuwa na habari na sindano yoyote. Alikuwa mwanamke wa kujaza kiti, naye korongo lake mwenyewe alilipita akiwa amevuta tumbo ndani, akikwaruza mbele na nyuma. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameshonea nusu ya mji katika chumba cha mbele cha nyumba hiyo, bila hata siku moja kutumia ruwaza ya karatasi. Alimpima mtu kwa futi yake ya kitambaa, ile ya manjano iliyoshinda shingoni mwake tangu asubuhi hadi jioni, akapima kitambaa kwa futi hiyo hiyo, akakata. Nguo ikakaa. Futi hiyo hakuwa akimwazima mtu, wala hakuwa akigusa ya mwingine.

Juu ya cherehani yake palibandikwa picha. Mteja mmoja aliwahi kuleta kitambaa kilichofungwa kwenye ukurasa wa kalenda, na Sindano alipoufungua akasahau kitambaa. Lilikuwa korongo la jangwani, ufa mwembamba kwenye mwamba mwekundu, kuta zake zimepanda juu kuliko nyumba ya ghorofa tatu, zimejikunja na kujilaza, na kutoka juu kabisa mwale mmoja wa jua umeshuka hadi mchangani. Mtu mwingine angeona mawe. Sindano aliona marinda.

"Hebu angalia," alimwambia mumewe siku hiyo, miaka kumi na moja iliyopita. "Nani aliyeyapiga pasi haya?"

Mumewe aliangalia, akasema yeye anaona shimo la lifti lisilo na lifti. Wakacheka. Wakaahidiana kwamba wakitimiza miaka ishirini na tano ya ndoa watakwenda wote wawili, wasimame ndani ya korongo hilo saa sita mchana, mwale unaposhuka. Na miaka ishirini na tano ilikuwa inatimia Jumamosi hii.

Mume mwenyewe waliomfahamu walimwita Ghorofa, maana alikuwa fundi wa lifti, na kwa miaka mingi mtu akimtafuta aliambiwa yuko juu. Miezi minane iliyopita aliingia kati ya chumba cha lifti na ukuta wa shimo lake kukagua reli, kazi aliyoifanya mara elfu. Breki ikajifunga vibaya, lifti ikasogea kidogo tu, ikambana. Haikumvunja hata ukucha. Ilimshika kifua mbele, mgongo nyuma, gizani, kwa muda wa saa tano, mpaka wenzake walipofika na jeki. Alitoka kwa miguu yake mwenyewe, akaomba maji, akawashukuru. Tangu siku hiyo hakuweza kufunga mlango wa choo.

Kazini walimhamishia stoo, awe anawagawia wenzake boliti na kuandika majina yao. Begi lake la zana alilisukuma chini ya kitanda na hakulivuta tena. Alikuwa mtu wa utani tangu ujana. Sasa hata kucheka alichelewa, kama mtu anayesubiri wengine waanze. Hilo ndilo lililomuuma Sindano kuliko yote. Mume alikuwa naye mezani, kitandani, mbele ya televisheni, na bado alimkumbuka kama mtu aliyesafiri.

"Nenda na dada yako," Ghorofa alisema habari ya korongo ilipotajwa.

"Ndoa nilifunga na dada yangu?"

Sindano akampigia simu kiongozi wa wageni kule jangwani, akamtajia na hofu ya mumewe. Kiongozi alikuwa na sauti ya mtu asiye na haraka na chochote duniani. Akamweleza kwamba korongo lina urefu wa nusu kilomita, kwamba sehemu kubwa watu wawili wanapita bega kwa bega, kwamba mabegi ya mgongoni yanabaki garini, na kwamba wingu likionekana juu ya vilima, hata liwe mbali namna gani, hakuna anayeingia, kwa sababu mvua ya kule hufika huku ikiwa mto mzima. Sindano aliandika yote nyuma ya daftari lake la vipimo.

"Na pale pembamba kuliko pote?"

"Tunapaita Koo," alisema kiongozi. "Sentimita arobaini, mama, hatua tisa. Unapita ubavu. Ni dakika moja tu, ila ndani ya dakika hiyo hakuna kugeuka, na mtu akishikwa na hofu katikati, wote walio nyuma wamekwama. Kwa hiyo nataka idadi mbili kabla hamjaja, wanaoingia na wanaosubiri kivulini na msaidizi wangu. Alhamisi saa kumi na mbili jioni nafunga orodha, maana vibali na kofia ngumu vinatoka kwa orodha hiyo. Baada ya hapo haibadiliki."

Hiyo ndiyo asili ya turubai. Sindano hakujua dawa ya hofu, ila alijua kupunguza nguo kidogo kidogo mpaka imkae mtu bila yeye kushtuka. Alianza na sentimita sabini. Siku ya kwanza Ghorofa alisimama mdomoni mwa korido dakika ishirini, shati limeloa jasho, akarudi kukaa. Siku ya pili akaingia hatua mbili. Mkewe hakumpongeza wala kumhimiza. Alikaa kwenye stuli upande wa pili wa turubai akishona vifungo, kimya, kwa sababu Ghorofa alisema sauti zinampunguzia hewa. Mkono wake mmoja ulikuwa karibu na fundo la kamba, fundo la kuvuta mara moja, ili ikibidi turubai lote lidondoke.

Sabini, sitini na tano, sitini. Kutoka hamsini na tano kwenda hamsini na tatu walikaa siku tisa. Sentimita mbili, siku tisa, na katika siku hizo Sindano alilia mara moja, peke yake, uso ndani ya gauni la bibi harusi wa watu, kisha akaogopa kulichafua akanyamaza. Siku ya kumi Ghorofa alitokea upande wa choo na kusema kwa mshangao, "Kumbe huku kuna bomba linavuja."

Jumatatu ya wiki hii walifika arobaini. Alipita kwenda na kurudi. Jumanne alipita akipiga mluzi. Jumatano wakiwa wanakula alisema, bila kuinua macho kwenye sahani, "Kesho ukimpigia yule bwana, mwambie wanaoingia ni wawili." Sindano aliitikia kwa kichwa tu, maana sauti ingemuumbua.

Alhamisi saa nane mchana seremala alileta meza.

Ilikuwa meza ya kukatia, Sindano aliiagiza ikae kati ya ukuta na kabati la vitambaa. Seremala, jirani wa duka la tatu, mtu mzima mwenye penseli nyuma ya sikio, aliisukuma mpaka ukutani, akapangusa mikono na kusubiri sifa. Sindano akaangalia. Kati ya meza na kabati palibaki nafasi ya kupitisha mkono.

"Inapwaya," alisema.

"Meza haipwayi, dada. Nguo ndiyo inapwaya."

"Nilikuambia mia na ishirini."

"Na hiyo ni mia na ishirini."

Sindano alivua futi shingoni, akaipima meza mbele yake. "Mia na kumi na nne. Sentimita sita za mbao yangu ziko wapi, fundi? Umemtengenezea nani kigoda?"

Seremala alikuwa mpole, lakini kuitwa mwizi wa mbao ni jambo jingine. Alichomoa futi yake ya chuma kiunoni, akaivuta juu ya meza, akamwonyesha kwa kidole. Mia na ishirini. Wakatazamana. Kisha, kwa kuwa wote wawili walikuwa watu wa kazi, wakaacha kubishana na kuzilaza zile futi mbili sambamba, sifuri kwa sifuri. Mwanzoni zilikwenda pamoja kama watu wanaofahamiana. Kwenye kumi ya Sindano, futi ya chuma ilishasema kumi na nusu. Kwenye mia na ishirini yake, chuma kilisema mia na ishirini na sita.

"Futi yako imevutika," seremala alisema.

"Futi haivutiki."

"Kitu cha kitambaa, dada, kinavutwa kila siku miaka yote hiyo. Hata mimi ningevutika."

Sindano alikaa juu ya meza iliyopwaya. Miaka ishirini na miwili ilimpitia kichwani ikiwa imevaa magauni, suti, sare za shule na mapazia. "Nimewadanganya watu wote hao," alisema.

"Hapana. Nguo zimewakaa." Hasira ya seremala ilikuwa imeshaisha, na sasa alimhurumia. "Umempima mtu na kitambaa kwa futi ile ile, basi kosa limejificha pande zote mbili. Ubaya ni pale unapomtajia mtu wa nje namba, au yeye anapokutajia yake."

Maneno hayo yakamkumbusha Sindano arobaini ya kiongozi wa jangwani. Akamnyang'anya seremala ile futi ya chuma mkononi, akaenda nayo koridoni akiwa peku. Akaiweka ukutani, akaivuta mpaka kwenye turubai. Arobaini na mbili.

Seremala alichukua futi yake, akasema meza ataiongezea ubao kesho, akaondoka kwa heshima kama anayetoka msibani. Mama mkwe, ambaye macho yake yalikuwa na tatizo lakini masikio hayakuwa na tatizo lolote, aliita kutoka sebuleni.

"Mwanangu. Usimwambie."

"Mama."

"Mwanangu mimi namjua, nimemzaa. Sasa hivi ana moyo. Ukimwambia, moyo utarudi ulikokuwa. Sentimita mbili zenyewe ni nini? Unene wa kidole."

"Sentimita mbili zilimshika siku tisa, mama."

Sindano akarudi kwenye cherehani asishone. Wazo la kunyamaza lilikuwa tamu, hilo tusifichane. Angenyamaza, angepiga simu, na Jumamosi huenda Ghorofa angepita Koo akipiga mluzi vile vile, maana kinachompitisha mtu mahali ni kuamini kwamba anaweza. Huenda. Lakini kama si hivyo, angegundua kwa kifua chake, katikati ya mwamba, watu mbele na watu nyuma, kwamba kipimo alichopewa na mkewe si cha kweli. Na mwamba hauna fundo la kuvuta. Sindano aliona wazi kwamba siku hiyo atakuwa amembana mumewe kwa mkono wake mwenyewe, na kwamba baada ya hapo hata akimwambia leo ni Jumatatu, atakwenda kutazama kalenda.

Ghorofa alirudi saa kumi na moja kasoro akiwa amevaa kofia mbili, moja juu ya nyingine. Zilikuwa kofia pana za jua, za majani.

"Ya juu ni yako," alisema. "Ya chini nimeshaizoea."

Alikuwa anatabasamu mapema, kabla ya mtu yeyote kuanza. Sindano alitamani ardhi ipasuke. Akamwambia papo hapo, wakiwa wamesimama mlangoni, kwa sababu alijijua kwamba akikaa hatasema. Akamwambia habari ya meza, ya futi mbili, ya mia na ishirini na sita. Akamalizia na ya korido.

Ghorofa alivua kofia moja, kisha ya pili, akaziweka juu ya cherehani taratibu kama vyombo vya kuvunjika.

"Kwa hiyo sijapita," alisema.

"Hujapita."

"Futi mpya zinauzwa kila kona, Sindano."

"Najua."

"Miaka ishirini na miwili."

"Najua, mume wangu. Nisamehe."

Alikaa kwenye benchi la wateja akatazama sakafu. Mikono yake ilianza kupapasa magoti, kama ilivyokuwa ikifanya siku za stoo za mwanzo, na Sindano alipoona mikono ile akajua kwamba mama mkwe alisema kweli, moyo umeanza safari ya kurudi ulikokuwa. Alisimama tu, futi ya manjano ikining'inia shingoni mwake kama jambo la aibu.

"Jicho liliniambia," Ghorofa alisema mwishowe.

"Lilikuambia nini?"

"Jumatatu. Miaka thelathini nasoma nafasi kwa jicho. Nikikuambia reli na ukuta vimeachana milimita kumi na nane, nenda kapime. Niliposimama mdomoni pale, jicho likasema hii si arobaini. Nikalinyamazisha." Alicheka kidogo bila furaha. "Nilikuwa nataka sana iwe arobaini."

Akainuka, akaingia chumbani. Sindano alisikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni, na kitambo kilipita kabla hajaelewa ni nini. Ghorofa alitoka na begi la zana mkononi, vumbi la miezi minane juu yake. Akalifungua mezani. Akatoa futi yake ya chuma, nyundo na misumari, na akaenda zake koridoni kama mtu aliyeitwa na mteja.

Alipima mahali patatu, juu, katikati na chini, kisha akaenda mbele akapima tena. Sindano alimfuata kwa nyuma.

"Hapa arobaini na mbili na milimita tatu," alisema. "Kule mwisho arobaini na moja na nusu. Hapa katikati tumbo limetoka. Wewe hili ulilipima au ulilikadiria?"

Ilimchukua Sindano sekunde nzima kutambua kwamba anataniwa.

"Nikuwekee arobaini kamili?" aliuliza.

"Thelathini na nane."

"Koo ni arobaini."

"Lifti ya watu wanane," Ghorofa alisema, misumari midomoni, "hatuikabidhi kwa kuijaribu na watu wanane. Tunaipakia uzito wa kumi. Ikibeba kumi, mwenye jengo analala usingizi. Ningepunguza robo nzima, lakini tumbo langu hili tumelijenga wote wawili, siwezi kulibomoa peke yangu."

Alikuwa anaongea sana, na Sindano alijua ni kwa nini. Shati lilishaanza kuloa mgongoni. Mikono hata hivyo ilikuwa inafanya kazi. Ilipigilia msumari, ikavuta kamba, ikapima, ikang'oa, ikapigilia tena milimita nne pembeni. Sindano alishika ncha ya pili ya kamba na kuvuta alipoambiwa avute. Hawakuwa wamefanya kazi moja pamoja tangu walipopaka rangi nyumba hii.

"Kabla hamjaanza," mama mkwe alisema kutoka nyuma yao, "nipitisheni mimi kwanza, maana mkishaanza hamtamaliza."

Wakainua turubai, akapita kwa heshima zake zote, akarudi, akakaa sebuleni na kuwasha redio kwa sauti ya chini, kisha akafikiri, akaizima.

Saa kumi na mbili kasoro robo Ghorofa alisimama mdomoni mwa korido. Alivua saa, akavua mkanda wa suruali, akampa mkewe. Akageuka ubavu, akaingia.

Sindano alikwenda kwenye stuli yake upande wa pili. Hakuchukua vifungo. Aliweza kuona mahali mumewe alipo kwa jinsi turubai lilivyovimba, bega kwanza, kisha kifua, kisha goti. Hatua ya kwanza. Ya pili. Turubai lilikwaruza shati kwa sauti ambayo haikuwepo siku zote zile za arobaini ya uongo. Ya tatu, ya nne. Kwenye hatua ya tano uvimbe ule ulisimama.

Alisubiri. Turubai lilianza kupanda na kushuka, upesi, upesi zaidi, na alijua hizo ni pumzi za mumewe. Alisikia kucha zikikwangua ukuta. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye fundo. Mvuto mmoja tu na lote lingedondoka chini, na Ghorofa angekuwa katikati ya korido ya kawaida, ndoo upande huu, ufagio upande ule, salama, na wangekwenda jangwani akakaa kivulini na msaidizi na hakuna ambaye angemcheka. Alimpenda kiasi cha kutaka kufanya hivyo. Akaanza kukaza kidole.

"Usifungue," Ghorofa alisema.

Lilikuwa neno la kwanza kulisema akiwa amebanwa humo ndani kwa wiki zote sita.

"Sijafungua."

"Saa ngapi?"

Sindano alitazama saa aliyoishika. "Kumi na mbili kasoro nne."

"Mpigie."

"Toka kwanza. Nitampigia ukitoka."

"Nikitoka nitakuwa sebuleni, na sebuleni kila mtu jasiri." Alivuta pumzi, na turubai likavimba mpaka kamba zikalia. "Mpigie, mke wangu. Kisha nipe simu."

Sindano alipanda juu ya stuli. Alipiga namba, simu ikaanza kuita, akabonyeza sauti ya nje. Juu ya turubai vilitokea vidole vinne vya mumewe, vimechafuka vumbi la ukuta. Akaviwekea simu, akavifumba juu yake kwa mkono wake, akaachia. Vidole vikazama.

"Ndiyo, mama," sauti isiyo na haraka ilisema kutoka ndani ya korido. "Umeniwahi. Nilikuwa nafunga orodha."

"Si mama. Ni mumewe."

"Aa, mzee. Habari za jioni. Nimeandika hapa kwamba wewe una shida na sehemu za kubana."

"Ninayo."

"Hakuna neno. Kivuli chetu ni kizuri, kuna viti, kuna maji baridi. Nikuandike huko?"

Sindano alikuwa juu ya stuli, mkono mmoja ukutani, sikio limeelekea ukingoni mwa turubai.

"Ninayo hata sasa hivi," Ghorofa alisema. Sauti yake ilikatika, akaiokota. "Nimesimama mahali pa sentimita thelathini na nane, na nimezipima mwenyewe. Miguu inanitetemeka, moyo unanipiga mpaka masikioni. Lakini nakusikia vizuri kila unachosema, na ninakujibu. Andika wanaoingia wawili."

Ilisikika karatasi ikigeuzwa.

"Wawili," alisema. "Na pale Koo watu wanapita mmoja mmoja, mzee, lazima niwapange. Anatangulia nani?"

"Mke wangu. Amengoja miaka kumi na moja, asizibiwe na kisogo cha mtu. Mimi nitakuja nyuma yake."

Sindano alishuka kwenye stuli. Fundo lilikuwa bado karibu na mkono wake. Akaukunja mkono akauweka mapajani, na upande wa pili wa turubai akasikia hatua ya sita.